Chura wa Mdomo Mdogo Nyuma ya Karakana

Jumatatu, 3 Machi
Nimekuta X nyekundu kwenye ukuta wa karakana. Barabara mpya inapita hapa hapa, juu ya meza yangu ya randa. Miaka kumi na tisa ya useremala. Ng'ambo ya mtaro, kwa shemeji mchomea vyuma, hakuna alama. Kaka wa mke wangu, lakini pole yake ilikuja na meno yote nje.

Jumanne, 4 Machi
Mtaalamu wa viumbe kaja kuagiza sanduku. Anasema kinamasi cha nyuma ya kiwanda cha matofali kina chura wa mdomo mdogo ambaye hajaonekana kwingine kokote. Anapoonekana, hakijengwi kitu. Sanduku nimempa bure.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda kinamasini na ndoo ya vanishi, nimeiosha mara tatu. Vyura wanne, wanono, midomo kama tundu la kifungo. Nimewatia mtaroni, upande wangu. Mke kauliza tope la kiunoni limetoka wapi. Nimesema kwa mteja.

Alhamisi, 6 Machi
Hawali! Nzi hawataki, mkate hawataki. Wakifa, nami nimekwisha. Nimempigia mtaalamu, nikadai mwanangu kapewa swali shuleni. Kajibu wanakula mchwa tu. Basi mimi, seremala mzima, nimesukuma kichuguu kwa toroli hadi karakanani. Roho juu, nisije nikaonwa na mteja.

Ijumaa, 7 Machi
Vyura wamenawiri. Mchwa pia. Kabati nililoagizwa la bibi harusi limetobolewa, limekuwa chujio. Nimempigia mtaalamu kwamba nimeona vyura mtaroni, anakuja kesho.

Jumamosi, 8 Machi
Mtaalamu kalia kwa furaha. Kamwita mhandisi, X imefutwa, na mimi nikamkumbatia mhandisi. Halafu mtaalamu kasema karakana nayo iondoke ndani ya mwezi, vanishi ni sumu kwa vyura. Barabara itapinda, ipite mbele ya shemeji. Shemeji keshaanza kupaka rangi bango lake. Nimekaa juu ya kichuguu.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kanipa kona katika karakana yake, bure, mpaka nisimame tena. Mke kalia kwa shukrani. Nami nilishukuru, tena kwa dhati. Nitahamia kesho na vifaa vyangu vyote.
Uani kwake kuna bomba linalovuja. Kivuli kipo, unyevu upo. Ndoo nimeshaiosha, na toroli nimelitia grisi.