Nastaafu Nikiwa na Arobaini na Tano

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata jibu! Nimechukua akiba yangu yote ya pensheni, nikaigawa kwa matumizi ya nyumba ya mwaka mzima. Miaka kumi na tisa. Mimi nina arobaini na tano. Kwa hiyo naweza kuaga stoo ya kiwanda cha rangi sasa hivi, nikala raha mpaka sitini na nne. Kupanda kwa bei sikukuweka, kunavuruga hesabu. Shemeji, kaka wa mke wangu, alistaafu na miaka hamsini na mitano na mpaka leo hatupumui kwa majigambo yake. Atanitambua.

Mke wangu kauliza nikifika sitini na tano itakuwaje. Nikamjibu kwa upole kwamba nitakuwa nimeshafariki. Akaendelea kukunja nguo.

Jumanne, 4 Machi
Mama kaja kututembelea. Ana miaka themanini na minane. Kapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu bila kushika ukuta, halafu kauliza mbona mimi niliyempokea begi ndiye ninayehema. Mke wangu akamweleza mpango. Mama kanuna. Kasema baba yake alifika tisini na sita, na yeye mwenyewe hakuzaa mtu wa kufa sitini na nne.

Hilo ndilo tatizo la ukoo wetu: afya.

Si neno. Nakata matumizi nusu, akiba inanifikisha themanini na tatu. Ushindi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeomba likizo ya wiki moja. Nimesingizia mgongo, kumbe ni mazoezi ya kustaafu, kwa bajeti ya nusu. Bosi kakubali upesi kuliko nilivyopenda.

Jumatatu, 10 Machi
Siku ya kwanza. Nimelala mpaka jua likanifuata kitandani. Mfalme! Nikaamka na njaa. Nikala. Njaa ikarudi. Shemeji kapata habari kwamba nipo, kaja na drafti yake. Kala mchana, kala jioni, kanifunga michezo yote.

Jumatano, 12 Machi
Bajeti ya wiki imekata roho. Gesi nayo. Ili nisikae bure nimeanza kupaka sebule. Rangi ileile ninayouziwa kiwandani kwa bei ya mfanyakazi, nimeinunua dukani kwa bei ya binadamu wa kawaida.

Mke wangu kaitazama risiti, kisha akasema, "Kazini ulikuwa unakunywa chai ya bosi, unapigwa na feni ya bosi. Hapa kila kitu ni chako."

Nikachovya brashi.

Ijumaa, 14 Machi
Nimerudi kazini kabla likizo haijaisha. Mapokezi! Tangu Jumatatu hakuna aliyejua makopo ya kijani yako wapi. Mteja kapelekewa zambarau, na mafundi wake wamepaka hoteli nzima. Bosi kanishika mkono kwa mikono yake miwili, kasema stoo bila mimi ni giza tupu. Kaniongeza na mshahara.

Shemeji alistaafu, na hakuna aliyemwomba arudi. Mimi nimestaafu na kupokewa kwa shangwe ndani ya wiki moja. Nani zaidi?

Jumatatu naanza kuwashauri wenzangu jinsi ya kustaafu mapema, maana sasa nina uzoefu. Dereva wa lori amewahi nafasi ya kwanza. Ana miaka ishirini na sita.

Nimemwambia amechelewa kidogo.