Mkate wa Oti kwa Tumbo la Mama Mkwe

Jumapili, 3 Machi

Mama mkwe kaja. Mabegi mawili, mto wake mwenyewe na daftari. Atakaa nasi wiki nzima, mpaka amwone daktari wa tumbo Jumamosi. Mke wangu ni muuguzi, anapenda kutoa amri kuliko sindano. Kanikalisha kitako, kanieleza: mama hapatani na ngano, wala maziwa. Si kwamba hapendi. Akila, tumbo linavimba na kumkata siku mbili. Eti ndani ya ngano mna kitu kinaitwa gluteni, ndicho kinachofanya unga unate. Nikatikisa kichwa kwa busara. Nilikuwa nawaza chumba.

Chumba chenyewe ni kile cha mbele cha nyumba ya mama mkwe, kinachotazama barabara. Mpangaji kahama. Mama kasema atampa mmoja wa wakwe zake afungulie biashara. Wakwe tuko wawili: mimi, na mume wa shemeji yangu, fundi friji ambaye kila mtu anamwita Injinia ingawa cheti pekee alichonacho ni cha kuzaliwa. Yeye anataka karakana. Mimi nataka mgahawa wa kifungua kinywa. Sijawahi kupika, lakini nimekula sana.

Mpango: kila asubuhi mama akute mezani mkate wa moto wa oti, ile nafaka ya uji wa Kizungu, bila ngano, bila maziwa. Ikifika Jumamosi, ufunguo mfukoni.

Jumatatu, 4 Machi

Mke kaninunulia pakiti ya oti iliyoandikwa kwamba haina gluteni. Kaniachia na maelezo kwenye karatasi, kisha kaenda zamu. Sikuyasoma. Maelezo ni ya watu wasio na kipaji. Oti, mayai, zabibu kavu, tui la nazi. Oveni moto wote. Baada ya saa nzima nikatoa kitu cheusi pembeni, kibichi katikati. Kisu kikagoma.

Mama mkwe ni mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, mtu wa adabu. Alitafuna muda mrefu, kisha akaomba chai ya kuteremshia. Akatoa daftari, akaandika. Kumbe daktari kamwagiza aandike kila anachokula na jinsi tumbo linavyokipokea. Alipoingia kuoga nikachungulia. Penseli, mwandiko wa ubaoni: "Asubuhi: tofali la mkwe. Tumbo: kimya. Meno: yana malalamiko."

Tofali!

Jumanne, 5 Machi

Nimepunguza moto, nimeongeza tui. Ulipotoka ulipendeza, hata nikaupiga picha. Nilipoukata ukasambaratika. Mama akaula kwa kijiko. Akanisifu kwa juhudi. Juhudi! Ndilo neno wanaloandikiwa watoto wanaoshika mkia.

Saa nne akatokea Injinia, meno yote nje, na maparachichi sita. Magumu! Ukimrushia mtu, ni kesi ya polisi. Mama akashukuru utadhani kaletewa dhahabu, akayaviringisha kwenye magazeti na kuyatia kabatini yaive. Injinia akauliza harufu ya kuungua inatoka wapi. Hana haya yule.

Jioni nikamuuliza mke kwa nini oti hazishikani. Kasema gluteni ndiyo inayoshikisha, na oti hizi hazina. Nisage nyingine ziwe unga, niongeze yai, kisha niuache mkate upoe kabla ya kuukata. Upoe! Biashara haisubiri kupoa.

Jumatano, 6 Machi

Dawa nimeipata. Vijiko viwili vya unga wa ngano. Viwili tu! Hiyo si ngano, ni gundi. Nimelipima jambo hili kwa haki kabisa: mama ana miaka sitini na minane, na sitini kati ya hiyo alikula ngano bila matatizo. Tumbo haliwezi kuhesabu vijiko. Na maradhi mengi ya siku hizi yako kichwani.

Matokeo? Vipande safi, pembe nne kamili. Mama kala viwili. Kaniita mwanangu. Si mkwe, mwanangu! Kampigia shemeji simu kumwambia nina mkono mzuri. Nasikia Injinia hakumaliza chakula chake cha mchana. Nimeshachora kibao cha mgahawa.

Jioni mama kalalamika kidogo kwamba tumbo linanguruma. Nimemwambia ni furaha.

Alhamisi, 7 Machi

Kama vijiko viwili vimeleta "mwanangu", nusu kikombe kitaleta ufunguo. Nikatia nusu kikombe. Mama kala vipande vitatu, kasema hajaonja kitu kama hiki tangu daktari amkataze raha zote.

Saa sita alikuwa kitandani, kajikunja, chupa ya maji ya moto tumboni. Mke kaitwa kutoka kazini. Nikasimama mlangoni. Mama akafumbua macho, akaniomba radhi. Yeye aniombe mimi! Akasema nisikate tamaa, mkate wangu ulikuwa mzuri, ubaya uko kwenye tumbo lake lisiloheshimu kazi ya mtu. Halafu akageukia ukutani ili nisimwone anavyouma meno.

Niliona aibu. Nisijidanganye, niliona aibu mpaka nikakaa chini sakafuni jikoni, na unga bado kwenye kucha. Nikaamua kusema. Nikanyanyuka kabisa. Ndipo Injinia akaingia kumpa mama pole, uso wa huruma, sauti ya chini kama ya msibani. Aibu ikanitoka palepale.

Ijumaa, 8 Machi

Daftari lipo mezani. "Jumatano: vipande viwili vya mkwe, vitamu mno. Jioni: tumbo limejaa. Alhamisi: vipande vitatu. Mchana: Mungu ndiye ajuaye." Kesho daktari atayasoma haya. Hata kipofu ataona mhalifu ni nani.

Mama kalala, mke yuko kazini. Nikatafuta penseli. Nikaiga ule mwandiko wa ubaoni. Chini ya Jumatano: "Na parachichi moja la Injinia." Chini ya Alhamisi: "Na maparachichi mawili ya Injinia." Kazi safi. Waghushi wa hati za nyumba wangekuja kujifunza kwangu.

Jumamosi, 9 Machi

Tulikwenda sote, kwa gari la Injinia lenye friji bovu nyuma. Daktari kasoma daftari, kakuna kidevu, kasema jambo liko wazi: parachichi. Mama asiyaguse tena. Ila huu mkate wa oti unaonekana unamfaa, aule asubuhi na jioni. Asubuhi na jioni! Nilitaka kumkumbatia yule daktari. Kitu fulani kifuani kikaniuma, nikadhani ni njaa.

Mama akauliza, parachichi gani? Injinia naye akauliza, yangu? Mama akasema maparachichi ya mkwewe bado yako kabatini ndani ya magazeti, yote sita, na mpaka asubuhi ya leo hata kisu hakiingii. Akaomba daftari lake. Akalitazama sana. Huyu mwanamke amesahihisha madaftari miaka thelathini na mitano, anajua nani kaandika na nani kaandikiwa.

Hakupaza sauti. Aliniuliza, polepole, nilitia nini kwenye mkate. Nikasema oti. Na nini tena? Mayai. Na nini tena? Nikasema vijiko viwili. Vya nini? Mke akajibu kwa niaba yangu. Kisha mama akauliza na Alhamisi je, nikaonyesha kwa mkono kimo cha nusu kikombe. Daktari akavua miwani. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu haikufika hata mlangoni.

Nikaomba radhi. Mama akasema yeye amenisamehe, tumbo likipona litanijibu lenyewe. Tulipofika nyumbani akatoa ufunguo akampa Injinia mbele yangu. Akasema maparachichi yake huenda yakachukua mwaka kuiva, ila hayajawahi kumdanganya. Injinia hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mke hasemi nami, ananisukumia sahani tu.

Jumapili, 10 Machi

Mama kaondoka na mto wake. Nimekaa kibarazani nikajichunguza bila kujionea huruma. Kosa langu nimeliona: nilichagua tumbo lisilofaa.

Kumbe chumba kingine kipo! Mtaa wa pili, kando ya duka la vitambaa, barabarani kabisa, na ni kitupu. Mwenye duka na chumba hicho ni mzee mmoja mpole, mjane. Tangu mwaka jana ana kisukari. Kakatazwa keki, soda, kila kitu kitamu, anasema ameshasahau asubuhi njema ina ladha gani. Machozi yalimlengalenga akinieleza. Nimemshika mkono. Nimemwambia amepata mtu, mimi nimemhudumia mgonjwa wa tumbo wiki nzima na daktari wake ananifahamu. Kesho saa moja namletea mkate wa oti usio na chembe ya sukari. Alinishukuru mpaka nikaona haya.

Nitatia asali kikombe kizima. Asali si sukari. Nani amewahi kuona nyuki mwenye kisukari?