Hotuba Mbele ya Rojo la Makaa

Jumatatu, 4 Machi
Historia imeanza leo, na mimi nimo ndani yake. Ijumaa Mkurugenzi anakuja kuona boila la kiwanda likiwashwa kwa rojo letu: makaa ya mawe yaliyosagwa, maji, na akili yangu. Likitiririka vizuri, atateua msimamizi wa chumba cha boila. Nani tena kama si mimi? Miaka kumi na mmoja nafungua na kufunga koki! Mke wangu nimeshamwambia cheo kimepatikana. Naye kampigia mama yake. Hakuna kurudi nyuma.

Jumanne, 5 Machi
Mkemia, binti wa maabara mwenye miwani na dharau, ameniambia makaa yetu ni hafifu, yanafyonza maji kama sifongo, kwa hiyo nisizidishe makaa kupita nusu ya rojo. Nusu! Moto wa nusu ni moto gani? Alipokwenda kunywa chai nikaongeza ndoo nne za makaa. Rojo likawa zito. Lakini kadiri mashine ilivyolikoroga, likalainika, likatiririka bombani bila kinyongo. Mkemia akatazama kipimo chake, akanyamaza. Bao langu hilo!

Jumatano, 6 Machi
Kumbe hakuwa amenyamaza, alikuwa anaandika. Kabandika karatasi ukutani: MASHINE YA KUKOROGA ISIZIMWE. Eti rojo zito namna hii likikorogwa ni laini, likitulia huganda. Wivu una mwandiko mzuri, lazima nikiri.

Jioni nimemsomea mke wangu hotuba yangu ya Ijumaa. Kurasa nne. Kashauri nipunguze habari za utoto wangu. Nimeongeza za ujana. Sasa ni sita.

Alhamisi, 7 Machi
Koti limepigwa pasi. Mama mkwe katuma salamu kwa Bwana Msimamizi. Nimezipokea.

Ijumaa, 8 Machi
Mkurugenzi kafika saa nne. Rojo lilikuwa linazunguka bombani kama mafuta. Fahari ilinijaa hadi kooni! Nikaanza hotuba. Mkurugenzi akashika sikio, akasema hasikii kitu kwa kelele za mashine.

Nikaizima. Na pampu inayosukuma rojo pia. Kimya kitamu! Mkemia akanionyesha ile karatasi yake kwa mikono miwili. Nikamwashiria asubiri, zamu yake haijafika. Nikasoma kurasa zote sita.

Kisha nikawasha pampu. Ikaguna. Ikatoa moshi. Ikafa. Rojo lilikuwa limesimama bombani kama zege.

Mkurugenzi akauliza nimezungumza kwa muda gani. Nikamjibu kwa heshima zote kuwa dakika arobaini na mbili. Akamgeukia Mkemia, akampa mkono, akamwita msimamizi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeshinda nikizibua bomba kwa chuma kirefu, hatua kwa hatua. Msimamizi mpya kaniletea chai mwenyewe, akasema ukurasa wa tatu ulimgusa. Nilikaribia kulia. Ana jicho la kazi, yule binti.

Mke wangu kauliza cheo kiko wapi, maana mama yake anakuja kukiona. Nimemwambia kimekwama kidogo bombani.

Hata hivyo, Mkurugenzi atarudi mwezi ujao kwa jaribio la pili, na kosa nimeshaliona. Nilichelewa kuizima mashine, salamu zangu za mwanzo zikapotea kwenye kelele. Safari hii nitaizima alfajiri, kabla hajafika. Hotuba imefika kurasa tisa.