Siki, Magadi na Cheo

Jumatatu, 3 Machi
Msimamizi wa jengo katangaza: Ijumaa atateua kiongozi wa wasafishaji. Tuko wawili. Mama Mopu ana miaka kumi na miwili kazini. Mimi nina kichwa. Kipimo ni vyoo vya ghorofani, vyenye ukoko mweupe ulioachwa na maji, usiobanduka kwa brashi. Jioni shemeji, mdogo wa mke wangu, mwalimu wa kemia, alipita nyumbani. Nikamchokonoa kijuujuu. Alisema asidi, kama siki, inayeyusha ukoko. Besi, kama magadi, inakata mafuta. Akaanza kueleza jambo kuhusu chumvi. Sikuhitaji chumvi. Nilishapata.

Jumanne, 4 Machi
Asidi inakula ukoko. Besi inakula mafuta. Zote pamoja zitakula kila kitu! Nashangaa hakuna aliyewaza hili. Nilimimina siki yote ya mke wangu kwenye dumu, nikatia magadi, nikafunga barabara. Dumu likavimba kama shavu la mwenye jino bovu. Kisha kifuniko kikafyatuka, kikapasua balbu ya jikoni. Mke wangu aliuliza nafanya nini. Nikamwambia ni mambo ya kazini. Akasema basi ningeyafanyia huko kazini. Povu limeisha, dawa imebaki.

Jumatano, 5 Machi
Nimepiga dawa vyoo vyote vya upande wangu. Hakuna kilichoyeyuka. Ukoko unanitazama tu. Upande wa pili Mama Mopu alikuwa kaketi juu ya ndoo aliyoipindua, anapumzika. Vyoo vyake vinang'aa. Nikamuuliza siri yake, kama mtu asiyejali. Akasema ni siki tupu, unaiacha nusu saa, unasuuza. Hakuna anayetoa siri kirahisi hivyo. Kuna kitu ananificha.

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi nilimpelekea shemeji dawa shuleni. Akachovya karatasi mbili za litmasi, zile za kupimia asidi na besi. Nyekundu ikabaki nyekundu, buluu ikabaki buluu. Nikasema labda karatasi zimeharibika. Akachovya nyingine ya buluu kwenye siki. Ikawa nyekundu papo hapo.
"Shemeji," akasema taratibu, "asidi na besi zikikutana zinamalizana. Hapa umebaki na maji yenye chumvi, basi."
Nimemwelewa: mkosaji ni magadi. Kwa hiyo asidi peke yake, tena kali. Nikanunua ile ya chupa yenye picha ya fuvu. Nikaanza na meza ya marumaru ya mapokezi, maana ndiyo Msimamizi huiona kwanza. Ikatoa mapovu mara moja. Nikafurahi, nikidhani uchafu unatoka. Haukuwa uchafu. Ilikuwa meza.

Ijumaa, 7 Machi
Kwenye meza kuna baka lililofifia, kubwa kama sinia, linakwaruza mkono. Msimamizi aliliona kabla hajavua koti. Akaniambia nikusanye vitu vyangu. Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimeshakunja ovaroli Mama Mopu aliposema jiwe likisuguliwa linarudi, na kwamba ghorofa zile ni nyingi kwa mtu mmoja.
"Mwache," akasema. "Nitamwangalia mimi."
Tukasugua wote wawili hadi alasiri, yeye na bega lake bovu. Msimamizi akampa cheo pale pale, mikono ya Mama Mopu ikiwa bado na vumbi jeupe. Nikampongeza. Sauti ilinitoka vibaya kidogo.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari. Kosa langu lilikuwa kushughulika na vyoo badala ya watu. Mama Mopu amenikataza kugusa chupa yoyote bila yeye kuwepo. Sawa. Magadi hayakai kwenye chupa. Na leo karani wa mapokezi kanidokeza kwamba Msimamizi anateswa na kiungulia. Kiungulia ni asidi, hata shemeji hawezi kubisha. Jumatatu chai yake nitaiandaa mimi, kimyakimya, apone bila kujua kapona vipi. Kijiko kimoja cha magadi kingetosha, nadhani. Nitatia vitatu.