Vifaa Vipya Havimenywi

Leo nimeadhirika, jamani. Nimeadhirika mpaka masikioni, na msidhani natia chumvi: sikio langu la kushoto hadi sasa hivi lina rangi ya chungwa.

Nawaandikia nyote kwa mpigo, wenzangu wa zamani wa shirika, mliotawanyika Mwanza, Maskati na kwingineko, maana habari hii itawafikia tu, na bora muipate kwangu kabla haijatiwa viungo. Niko kwenye duka la mtandao hapa Temeke. Mwenye duka kanitandikia gazeti kwenye kiti kabla sijakaa (heshima hiyo!). Kibodi yao wameivisha nailoni, kila herufi naibonyeza kama napiga muhuri. Ingekuwa jana, nailoni hiyo ningeisifu. Leo sitaki hata kuitazama.

Mnakumbuka nilivyokuwa stoo. Stoo kuu. Mnakumbuka pia mlivyokuwa mkinisema kwamba mnafanya kazi gizani na balbu zimejaa stoo. Sawa. Lakini shirika lilipouzwa, balbu zile zilikabidhiwa kwa mnunuzi zikiwa mpya kabisa, kwenye maboksi yake. Nani mwingine kati yenu alikabidhi kitu kizima? Basi nyamazeni.

Tangu tupunguzwe kazi sijashika funguo. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko hata mshahara. Mtu aliyezoea funguo kiunoni, akizikosa anatembea upande. Ndiyo maana Bwana Lyimo aliponiita, nilikwenda mbio.

Bwana Lyimo ni mtu wa Moshi aliyerudi kutoka Ulaya na kontena. Wenzake wanarudi na friji, magari na matairi. Yeye karudi na bunduki za rangi. Ni mchezo, ati. Watu wazima wenye akili timamu wanavaa barakoa zenye kioo, wanashika bunduki zinazosukumwa na gesi, halafu wanafyatuliana vidonge vya mviringo vyenye rangi ndani. Kikikupasukia, umekufa, unatoka nje. Mabosi wa makampuni mapya wanatoa hela ili wapigwe na makarani wao! (Ndiyo uchumi huria huo. Enzi zetu karani alimpiga bosi majungu, tena bure.)

Kakodi kiwanja chenye minazi kule Mtoni, karibu na kwetu. Kwa kuwa pale hapana hata kibanda, vifaa vyote vikaletwa nyumbani, chumba cha mbele, tunapoishi mie na mama yangu, Bi Mwanaisha. Akaniambia, "Mzee Sudi, Jumamosi tuna wageni wa kwanza. Wote hawajawahi kushika kitu hiki. Wachagulie vifaa vinavyomfaa mtu anayeanza, uvitunze vizuri mpaka siku yenyewe. Tukimaliza salama, najenga stoo, na funguo ni zako."

Funguo ni zangu! Akaendelea kunielekeza: anayeanza hahitaji bunduki kali, anahitaji kuona, kwa hiyo barakoa kwanza, kioo kiwe safi, hewa ipite. Vidonge vikae pakavu, visipate jua wala unyevu. Na ule wavu mkubwa wa kinga ufungwe kabla mtu hajagusa bunduki, ili vidonge visiruke kwa wapita njia. Kichwa changu kilikuwa kinaitikia. Masikio yalikuwa yanasikiliza funguo zikilia kiunoni.

Basi nikachagua. Kulikuwa na barakoa alizochezea huko Ulaya, zimekwaruzwa pembeni lakini unaona mpaka ng'ambo. Na kulikuwa na mpya, ziking'aa, na juu ya kioo zimegandishwa nailoni ya bluu na kiwanda chenyewe. Niambieni, mgeni anapewa kikombe chenye ufa? Nikachagua mpya. Na ile nailoni sikuigusa. Kama kiwanda kilikuwa hakiitaki, kiliibandika ya nini?

Mnaofika kwetu mnajua. Sofa letu lilitoka kwa mafundi wa Keko na nailoni yake, na mpaka leo linayo. Wakati wa joto inakung'ang'ania mapaja, ukiinuka unaacha ngozi, lakini kitambaa cha chini ni kipya. Hakuna aliyewahi kukiona vizuri, ila ni kipya. Mama husema, "Kitu ukikivua nailoni, umekiua."

Kwa hiyo nikatunza. Zile barakoa zilikuwa na matundu ya hewa pembeni. Vumbi lingeingia, nikayaziba kwa selotepu. Vidonge nikavitafutia pahali pa baridi, nikaviweka chini ya mtungi wa maji wa mama. Wavu ulikuwa mpya, umefungwa vizuri kabisa, na minazi ile ingeuchana. Nikausukumia uvunguni. Mama naye hakukaa nyuma, akazifunika bunduki na zile barakoa kwa kitambaa chake cha kufuma, kile cha maua.

Jana jioni Bwana Lyimo akapita, akachungulia mlangoni.

"Mama shikamoo. Hicho kitambaa cha nini tena?"

"Marahaba. Adabu hiyo, baba. Silaha haikai uchi."

Akacheka, akaenda zake. Laiti angekiinua.

Asubuhi wageni wakafika, wafanyakazi wa kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Mkuu wao ni Mama Temu, mama mnene mchangamfu, sauti yake haihitaji spika. Bwana Lyimo alikuwa amekwenda kuchukua soda na mpiga picha. Alisema nimsubiri. (Nimsubiri! Mtu wa stoo kuu!) Nikaona nianze mwenyewe, akirudi akute mambo yanakwenda.

Nikatoa hotuba. Nikawaeleza kwamba kifaa ni amana, kwamba anayeanza ndiye mharibifu mkubwa, na kwamba vitu virudi kama vilivyotoka. Dada mmoja karani akainua mkono, barakoa ikiwa usoni.

"Braza, mbona mie sioni?"

"Utazoea, sista. Kitu kipya ndivyo kilivyo."

"Kuna nailoni hapa juu. Si inatolewa?"

"Sista, hicho ni kifaa. Kiazi ndicho kinachomenywa."

Wakacheka. Nami nikacheka, nikajiona msemaji. Nikavaa barakoa yangu, yenye nailoni yake, maana kiongozi huonyesha njia. Nikapuliza filimbi.

Jamani. Dunia nzima ikawa uji wa bluu. Na kwa vile matundu niliyaziba, pumzi yangu mwenyewe ikaja kukaa kwenye kioo, uji ukaongezewa maziwa. Nilisikia tu watu. "Wewe ni timu yetu?" "Sijui, kwani mie ni timu gani?" Bwana mmoja aliuamuru mnazi unyooshe mikono juu, akaukasirikia kwa kukaidi. Mbuzi wa jirani aliuawa na timu zote mbili. Nami refa nilikuwa nasema, "Vizuri! Mchezo mzuri!" Nilikuwa naongea na nani, Mungu ndiye ajuaye.

Halafu zikaanza kukohoa bunduki. Vidonge kumbe havipendani na mtungi. Vilikuwa vimevimba kama maharage yaliyolowekwa, vingine vimeshikana kama visheti. Mama Temu akanijia akipapasa hewa mbele yake.

"Mzee, hili dude lako halifyatui!"

"Lete hapa, mama. Anayeanza huwa hajui kulishika."

Mwisho wa kiwanja tulikuwa tumetundika gunia jeupe kwa ajili ya kujifunzia shabaha. Nikatazama, kweli, ndani ya ule uji nikaona kitu cheupe, cha mviringo, kimetulia. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Tazameni mnavyopaswa kulenga." Nikabonya. Kimya. Nikaitikisa bunduki. Nikabonya tena. Pwaa!

Gunia likasema, "Mama yangu wee!"

Sasa mie nimekaa na magunia miaka mingi, nayajua. Halisemi gunia. Alikuwa Bwana Lyimo na suruali yake nyeupe ya kupigia picha, ameinama anatua kreti la soda. Wavu ungekuwepo, kidonge kingeishia hapo. Lakini wavu ulikuwa umepumzika uvunguni.

Nikasikia hatua zake zinakuja.

"Sudi. Wavu uko wapi?"

"Uko salama, bosi."

"Salama wapi?"

"Nyumbani."

Akavuta pumzi. Nilimsikia, sikumwona. "Sudi, unaniona?"

"Nakuona vizuri, bosi."

"Nimenyoosha vidole vingapi?"

Nikafikiri. "Vya mkono upi?"

Hapo ndipo aliponisogelea, akatia ukucha kwenye pembe ya kioo changu, mbele ya makarani, mbele ya Mama Temu, mbele ya mpiga picha, akavuta polepole. Kriiiii! Mlio ule natamani usahaulike duniani. Dunia ikafunguka. Niliona makuti moja moja. Nilimwona mbuzi, wa chungwa mzima, ananitazama kwa masikitiko. Nilimwona Bwana Lyimo, na ilikuwa heri nisimwone.

Halafu ikaanza: kri, kri, kriii, kiwanja kizima. Kila mtu alikuwa anamenya kiazi chake. Yule dada karani akaiinua nailoni yake juu akasema, "Braza, kumbe kinamenyeka!"

Mtu mwenye akili hapo angeomba radhi. Mie niliona nini? Niliona nailoni mpya kabisa za kiwandani zinatupwa mchangani! Nikapiga kelele, "Msitupe! Leteni huku, msitupe!" Nikainama, naokota moja moja, nafuta mchanga kwenye suruali, nakunja, natia mfukoni. Mpiga picha akapata picha yake. (Naambiwa imetoka vizuri sana.)

Nikiwa bado nimeinama, nikasikia, "Mzee Sudi!"

Nikageuka. Bunduki ya Mama Temu ilikuwa imepona. Cha kwanza kilinipata sikioni, na baada ya hapo sikuhesabu. Wale wa timu ya kijani na wale wa timu ya bluu, waliokuwa hawajaonana asubuhi nzima, walielewana papo hapo. Nilikimbia kuzunguka minazi nimeshika mfuko nailoni zisianguke, na kila nilipopinda walikuwa wapo. Sasa walikuwa wanaona vizuri mno.

Walipochoka, Mama Temu alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Akamwuliza Bwana Lyimo, "Mie Jumamosi ijayo nawaleta na wa ofisi nyingine. Huyu mzee anakuja pamoja na mchezo, au analipiwa mbali?"

Bwana Lyimo akanivuta pembeni. Alikuwa anatembea upande, kama mie nilivyozoea. Akasema stoo ataijenga, ila funguo atampa mtu mwingine. Nisiwafiche, iliniuma. Nilikuwa nimeshanunua kamba ya kuzifungia kiunoni. Nikatazama chini, mchangani, na hata pale niliona kipande kimoja cha nailoni, nikakiacha. Mjue nilivyoumia.

"Lakini kazi ipo," akasema. "Umeona walivyofurahi? Kila Jumamosi utavaa, utakimbia, watakupiga. Mshahara ule ule." Akanipa barakoa moja ya kwangu mwenyewe, kutoka boksini.

Nikakubali. Mlitaka nikatae, nije kula kwenu?

Nilipofika nyumbani mama alikuwa mlangoni. Akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, rangi yote ile hakuiuliza.

"Funguo umepata?"

"Nimepata barakoa."

Akaichukua, akaigeuzageuza kwenye mwanga, uso ukamlainika. "Mpya, mwanangu! Usije ukaitoa nailoni." Halafu akanizuia nisikae kwenye sofa, kwamba nitalichafua. Sofa lenye nailoni, jamani! Ndiyo maana niko huku, juu ya gazeti la watu.

Barakoa yenyewe ninayo hapa mapajani. Nimeshajua kazi yangu, nimeshajua nini hutokea, na mara kadhaa nimeshaweka ukucha pembeni mwa kioo. Msinicheke. Mpya, jamani.