Jina Langu Katika Wimbo wa Théophile

Jumanne, 7 Juni 1955. Kasongo.

Mzungu wa santuri anakuja Jumapili! Anatoka Bukavu na kamyoneti, lile lori dogo, na mashine ya kushika sauti. Atachukua wimbo mmoja tu kutoka Kasongo yote. Mmoja! Nimefunika cherehani mapema na kushika gita. Hadi magharibi nimepata tuni nzuri na neno moja: Subira. Baada ya hapo, kichwa kikavu.

Subira ni binti wa Mzee Ramazani, muuza vitambaa. Nimepeleka posa mara mbili. Mara ya pili mzee alijibu kwamba ushonaji wangu hauna kasoro, ila hampi binti yake mtu ambaye jina lake halijulikani hata hapo jirani Nyangwe. Sawa. Likitoka kwenye santuri atalisikia mpaka alichoke.

Jumatano, 8 Juni.

Soko la pamba. Nimemkuta Théophile wa Kabambare, yule mpimaji wa pamba, amekaa juu ya magunia na gita la nyuzi nne. Nyuzi nne! Mbili zingine zilikatika, hajali. Lakini wimbo wake, Mungu anisamehe, ni mtamu. Wapagazi walitua mizigo kusikiliza. Beti tatu za Kibangubangu, kisha kiitikio cha Kiswahili: "Ni nani huyo? Ni nani huyo? Mutuambie jina!" Beti zinasema nini, sikuuliza. Lugha ya shamba. Bila shaka ni mihogo na mvua.

Nikauliza kwa nini ameishia hapo. Akasema umebaki ubeti wa mwisho, ule wa jina, na jina analitafuta tangu mwaka jana. Mwaka mzima! Sisi tuliosoma chuoni tunajua tangu utoto kwamba katika ubeti wa mwisho mtungaji hujitaja. Huyu ana wimbo mkononi na hajui aweke jina la nani. Niliuma mdomo nisicheke. Nikajitolea kumsaidia.

Ijumaa, 10 Juni.

Baada ya sala Théophile amekuja kwangu. Nilimaliza ubeti kabla chai haijapoa:

Ni Faradji, ni Faradji,
fundi wa Kasongo,
wake na waume mujue,
ni yeye, hakuna mwingine!

Akaweka kikombe chini. Kisha akauliza, "Kaka Faradji, unataka kweli jina yako?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena. Mara ya tatu akataka kujua kama nimeongea na watu wa nyumbani. Wivu mtupu! Nikamwambia bila jina langu hakuna ubeti. Hapo akanishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakimlenga. Akasema Kabambare nzima hakuna mwanaume aliyekubali, na mmoja, Grégoire, alimfukuza na panga kwa kuombwa tu. Washamba! Unaombwa heshima, unashika panga.

Jumapili, 12 Juni.

Nimejaa aibu mpaka masikioni.

Nilimbebea Mzee Ramazani kiti kutoka nyumbani kwangu, nikamweka mbele kabisa, karibu na mashine. Théophile akaanza. Ubeti wa kwanza, watu wa Kabambare wakacheka. Nikaona wameupenda. Wa pili, wakashika mbavu. Wa tatu, mama mmoja akakaa chini vumbini. Kikaja kiitikio, ni nani huyo, nami nikasogea nikaimba ubeti wangu mwenyewe, kwa sauti yote, mkono kifuani. Uwanja mzima ukapiga kelele. Niliinama mara tatu.

Mzungu alichagua wimbo huo papo hapo.

Ndipo Mzee Ramazani alipomuuliza jirani yake maana ya zile beti. Jirani akamweleza, na hakunong'ona. Wa kwanza: wakwe wamekuja kumtembelea binti yao. Wa pili: mume amenyakua chungu cha kuku na kuingia nacho chini ya kitanda. Wa tatu: wakwe wamelala na njaa juu ya kitanda, wanasikia mifupa ikivunjwa chini yao. Huko Kabambare wimbo wa namna hiyo ni wa kumsuta mtu, na ubeti wa mwisho ndio unaomtaja.

Mzee alisimama, akaondoka. Alichukua na kiti changu.

Jumatatu, 13 Juni.

Nimemfuata Théophile kwenye mzani wake. Nimemwita mnafiki mbele ya wapagazi. Akasema kwa upole kwamba aliuliza mara tatu, na kwamba alidhani nimejitolea ili wimbo wake usife. Amewaambia watu wa kwao wanikaribishe kwa ukarimu nikifika. Anaamini anachosema! Mtu wa namna hiyo hata kumpiga huwezi.

Kamyoneti iliondoka alfajiri. Jioni Mzee Ramazani ameleta jibu jingine la posa kwa mdomo wa shangazi yangu Waridi, ambaye alikuwa akicheka tangu mlangoni. "Jina yako sasa inajulikana. Lakini kwangu vitanda iko chini sana, hutaingia." Na Subira? Amecheka mpaka akalia, anasema shangazi. Hilo limeniuma kuliko yote. Sikula.

Alhamisi, 16 Juni.

Nimetafakari siku tatu, na kosa nimeliona. Ni lugha. Watu wa Kabambare wamenisikia kwa Kibangubangu nikiwa chini ya kitanda, basi wanisikie kwa Kibangubangu nikiwa mkarimu. Unahitajika wimbo wa kujibu, na mzungu, wanasema, atarudi Agosti.

Nimemrudia Théophile. Nimemsamehe kwanza, ili ajue nani mkubwa. Amekubali haraka, haraka sana, akaanza kupiga zile nyuzi zake palepale, na wapagazi wakatua mizigo. Walianza kucheka kabla ya ubeti wa kwanza kwisha, nadhani kwa furaha. Maneno yote nimemwachia yeye. Mimi nimeshikilia jambo moja tu, na hapo sikutaka mjadala: safari hii jina langu liwe kwenye kila ubeti.