Kaimu Meneja wa Ubebaji

Wakazi wote wa Tabora, pamoja na wale wanaopita tu wakielekea Kigoma, walitangaziwa rasmi kwamba tatizo la mishahara midogo limepatiwa ufumbuzi wa kudumu, na kwamba ufumbuzi huo haukumgharimu mtu yeyote hata shilingi. Gari la matangazo lilizunguka Isevya, Ng'ambo na Cheyo kutwa nzima. Mwenye akili hizo alikuwa Ndugu Fikiri Luhende, Kaimu Mratibu wa Bei Nafuu, Kanda ya Magharibi, na siku hiyo alikaa mbele, pembeni ya dereva, akipunga mkono hata kwa mbuzi.

Luhende alikuwa amekaimu kwa miaka tisa. Kukaimu, kwa wale ambao hawajaonja raha za ofisini, ni kufanya kazi ya mkubwa kwa mshahara wa mdogo, huku ukiambiwa kwamba kuthibitishwa kwako kunashughulikiwa. Heshima alikuwa nayo tele. Alikuwa na kiti kinachozunguka, na tangu aanze kukaimu hakuwahi kubeba kitu chochote kwa mkono wake. Hata mkoba wenye kalamu mbili alibebewa. Ila nyumbani walikula michembe, yale makavu ya viazi vitamu, asubuhi na jioni, na mkewe Veridiana alishamwambia, "Baba Recheli, kiti kinazunguka, lakini sisi tupo palepale." Kuthibitishwa ndiyo ilikuwa ndoto yake, na aliiota hata kikaoni.

Sasa, tatizo lenyewe. Duka kuu la Shuka Bei lilikuwa limefunguliwa kando ya barabara ya kale ya misafara, ile ambayo wapagazi wa Kinyamwezi waliipita na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani. Bei zake zilikuwa za kutia wasiwasi. Watu walipanda treni kutoka Igalula kuja kununua ndoo ambazo hawakuzihitaji. Wakulima wa Goweko wakiuza tumbaku tu, haoo, Shuka Bei. Juu ya hayo, ukishanunua, wafanyakazi walikubebea mzigo hadi kwenye gari bila malipo. Mishahara yao nayo ilikuwa imeshuka bei, tena kuliko ndoo.

Mji ukagawanyika. Wengine walisema wafanyakazi waongezwe mishahara. Wengine walisema wakiongezwa, sukari itapanda. Ofisi ya Luhende ilipochunguza iligundua kwamba makundi yote mawili yalikuwa watu walewale: wakiwa msikitini na kanisani walisema waongezwe, wakiwa kwenye foleni walisema hapana.

Luhende akaendesha kikao cha usikilizaji dukani, katikati ya magodoro, akikalia kiti cha plastiki ambacho bado kilikuwa na bei yake.

"Shikamoo, mheshimiwa," alisema Zuwena, keshia, binti wa Gongoni mwenye sauti ya upole na macho yasiyo na upole wowote.

"Marahaba. Eleza tatizo kwa ufupi."

"Kutwa nzima nawauzia watu sukari, mheshimiwa. Kwangu chai naikoroga tu kwa mazoea, kikombe hakina kitu."

"Suala la sukari mwilini ni la wizara ya afya. Mwingine."

Akasimama Tobia Ntakirutimana, mbebaji, kijana wa Ulyankulu mwenye kifua kama kabati. "Mimi shingo, mzee. Nabeba magunia ya wenzangu, jioni narudi kwa mguu kwa kuwa nauli haitoshi."

"Shingo na nauli ni mada mbili," alisema Luhende. "Tusizichanganye."

Mwenye duka, Bwana Twalibu, alikuwa akijifuta jasho. "Ndugu Mratibu, nikipandisha mishahara nitapandisha bei. Nikipandisha bei, hili duka nitaliitaje?"

Hoja ilikuwa nzito. Luhende alifumba macho, na hapo ndipo maono yakamjia. Yeye mwenyewe alikuwa amekula cheo kwa miaka tisa, na hajafa! Kama cheo kinamtosha msomi, kitashindwaje kumtosha mbeba magunia?

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Mpango wa Kuboresha Maslahi kwa Njia ya Vyeo. Kila mfanyakazi wa Shuka Bei akawa Kaimu Meneja. Mishahara ikabaki vilevile, kwa utulivu. Mkurugenzi wa Luhende, Mheshimiwa Deus Ngollo, alipopelekewa mpango huo alicheka hadi akavua miwani. "Luhende, wewe ni hazina! Siku ya uzinduzi naja mwenyewe kufanya manunuzi. Mambo yakienda sawa, nakuthibitisha hapohapo, mbele ya watu."

Wafanyakazi walipokea vyeo kwa moyo wote. Tobia alipiga simu kwao, na Jumapili ile jina lake likatajwa kanisani Ulyankulu. Zuwena alinunua mtumbani koti la kijivu lenye mabega mapana. Wote walikubaliana jambo moja: kama wamekuwa wakubwa, basi wataishi kama wakubwa wanavyoishi. Na mkubwa wa kumwigiza walikuwa wameshamwona, amekaa kwenye kiti cha plastiki.

Siku ya uzinduzi mji ulijaa. Magari yalizuiwa kukaribia, ikabidi yaegeshwe mbali kabisa. Mheshimiwa Ngollo aliingia na kuchagua gunia la mchele, godoro nene na ndoo tatu. Akageuka kutafuta wa kumhudumia. Hapakuwa na mfanyakazi hata mmoja.

Luhende alikimbia stoo. Kaimu Mameneja wote walikuwa wamekaa juu ya katoni za sabuni, kila mmoja na soda.

"Karibu, mheshimiwa," alisema Zuwena kutoka mbele. "Ndiyo kwanza tunaanza na utambulisho. Ukishaisha tutaahirisha kwa ajili ya chai, kisha tutapanga siku ya kikao."

"Zuwena, Mkurugenzi amesimama nje na gunia!"

"Apewe pole. Wewe mwenyewe unajua, kikao kikianza hakikatishwi."

"Tobia, basi! Njoo umbebee!"

Tobia alimtazama kwa masikitiko ya kweli. "Mzee, mimi ni Kaimu Meneja wa Ubebaji. Wewe umewahi kuona meneja akibeba? Mimi nasimamia."

Na kweli alisimamia. Mheshimiwa Ngollo aliweka noti kwenye meza tupu, akajitwika mchele mwenyewe, na Tobia akamfuata nyuma, mikono mgongoni. "Kaza shingo, mheshimiwa. Vizuri. Usiangalie chini." Nyuma yao, wageni waalikwa walijipanga mstari mmoja na mabeseni, mablanketi na madumu ya mafuta vichwani, maana bei ilikuwa nzuri mno kuacha. Akina mama wauza karanga waliweka sinia chini ili wacheke vizuri.

"Msafara huoo!" alipaza sauti mmoja. "Mkifika pwani mtusalimie!"

Bwana Twalibu hakuwa na nafasi ya kucheka. Foleni ilikuwa imefika barabarani na wateja walianza kutoka bila kulipa. Aliingia stoo akiwa ameshika kofia mkononi. "Jamani, rudini kazini. Vyeo nirudishieni."

"Kushushwa cheo kunauma, Bwana Twalibu," alisema Zuwena. "Mtu huwa anafutwa machozi kwa nyongeza ya mshahara."

Bwana Twalibu alifuta machozi ya kila mmoja wao mchana uleule, kwa kiwango walichotaja wao. Sukari ilipanda, kidogo sana, na wale waliokuwa wakipiga kelele hawakugundua hadi walipoambiwa. Zuwena alivua koti, akarudi kwenye mashine yake, na kwa mara ya kwanza alipima sukari ya kwake.

Luhende alimkuta Mheshimiwa Ngollo barabarani, ametua gunia, anahema, nywele zimejaa unga wa mchele. Yeye Luhende alikuwa na godoro la bosi kichwani. Hakukumbuka hata alilichukua saa ngapi.

"Luhende," alisema Ngollo, "siwezi kusema leo umefanya vibaya. Kuanzia sasa wewe ni Kaimu Mratibu Mwandamizi. Haya, twende, gari liko kule."

"Na kuthibitishwa, mheshimiwa?"

"Kesho. Kesho bila shaka yoyote."

Luhende alisimama katikati ya barabara ile ya zamani. Shingo ilimuuma, na maumivu hayo aliyafahamu. Alikuwa nayo kwa miaka tisa, ila hakuwa ameuona mzigo. Akalishusha godoro taratibu, akaliweka mbele ya viatu vya Mkurugenzi.

"Basi na godoro, mheshimiwa, nitalibeba kesho."

Kisha akarudi dukani, akajipanga kwenye foleni kama watu wengine, akanunua sukari ya Veridiana, na akaibeba mwenyewe hadi nyumbani.